Vipande vya Kompyuta na Faida ya Kipimo Kimoja

Kila chombo akitumiacho binadamu kina habari mbili. Ya kwanza ni habari ya kazi yake: chafanya nini, na chaifanyaje. Ya pili ni habari ya asili yake: kilitoka wapi, kilibuniwa na nani, na kwa nini kina umbo kilicho nalo. Watu wengi hujifunza ile ya kwanza, wakaiacha ya pili kwa wenye nafasi ya kusoma vitabu. Lakini iko siku ambayo habari ya pili huokoa fedha. Siku hiyo ni ile mtu asimamapo mbele ya meza ya muuzaji, akiba yake imo mfukoni, naye hana budi kuchagua. Insha hii yaeleza historia ya kompyuta ya mezani iundwayo kwa vipande vilivyonunuliwa kimoja kimoja. Msomaji akiifahamu historia hiyo, atajua kwa nini jambo hilo lawezekana, na jinsi ya kuchagua vipande vya bei nafuu bila kudanganyika.

Tuanzie Timau. Mji huu mdogo uko upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, katika Kaunti ya Meru, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Nanyuki. Nchi yake ni ya juu na ya baridi, nayo ni nchi ya ngano, shayiri, viazi na maua. Mkulima wa Timau ambaye beringi ya trekta lake imekwisha hanunui trekta jipya. Huing'oa beringi ile, akaipangusa mafuta, akasoma namba iliyochorwa ubavuni, kisha akaenda dukani kutafuta nyingine yenye namba hiyo hiyo. Beringi yenye namba 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje wa milimita 52 na unene wa milimita 15, iwe imetengenezwa Sweden, Japani au China. Kwa hiyo mkulima ana uhuru wa kuchagua. Akiona ya kiwanda hiki ni ghali, atanunua ya kiwanda kile, nayo itaingia mahali pake sawasawa.

Uhuru huo haukuwako tangu zamani. Katika Uingereza ya mwanzo wa karne ya 19, kila karakana ilikata hesi za skrubu zake kwa namna iliyoipendeza yenyewe. Nati ya karakana moja haikuingia katika skrubu ya nyingine, na mashine ikivunjika mbali na kwao ilikuwa kama imekufa. Mwaka wa 1841 fundi mmoja wa Manchester, Joseph Whitworth, alitoa shauri kwamba hesi zote zikatwe kwa pembe moja ya digrii 55, na kwamba kila unene wa skrubu uwe na idadi yake maalumu ya hesi kwa kila inchi. Shauri hilo lilionekana dogo, lakini liliwapa mafundi wa miji mbalimbali lugha moja ya chuma.

Sisi wa Kenya twaweza kuyaona hayo katika reli zetu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Kisumu mwaka wa 1901, ilikuwa na upana wa mita moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Behewa lililopakiwa pwani liliweza kufika ziwani bila kupakuliwa njiani. Reli mpya iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017 ina upana wa milimita 1,435. Ilipofikishwa Naivasha mwaka wa 2019, mizigo ya kwenda mbele kwa reli ya zamani ilibidi ihamishwe kutoka behewa moja hadi jingine, kwa maana gurudumu la reli hii halipiti katika reli ile. Kila uhamishaji hula saa na fedha. Palipo na vipimo viwili, yuko mtu alipaye gharama ya tofauti yake.

Sasa na tuitazame kompyuta. Hapo mwanzo kompyuta ilikuwa chombo kizima kilichofungwa. Kampuni iliyoiunda ndiyo iliyoiuza, ndiyo iliyoleta mafundi wa kuitengeneza, na ndiyo iliyotoa vipuri kwa bei iliyopenda. Katika miaka ya 1960 mashine za namna hiyo zilianza kufika Afrika ya Mashariki, zikawa mali ya serikali na mashirika makubwa tu. Tanzania iliweka kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka wa 1965. Nia ilikuwa njema: hesabu za serikali zifanywe upesi na bila makosa. Lakini mashine zilikula fedha nyingi za kigeni, wajuzi wake walikuwa wageni, na hesabu zilizotazamiwa kunyooka zilivurugika. Mwaka wa 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini.

Msomaji wa leo aweza kuicheka amri hiyo, lakini na ajiweke mahali pa waliotoa amri. Nchi changa ilikuwa imenunua chombo ambacho haikuweza kukifungua, wala kukitengeneza, wala kumwendea muuzaji mwingine kikiharibika. Mnunuzi wa chombo kilichofungwa hununua pamoja nacho utumwa wa kumtegemea aliyekiuza. Baada ya miaka kupita zuio lile lililegezwa, kisha likaondolewa. Wakati huo kompyuta yenyewe ilikuwa imebadilika, na mabadiliko hayo ndiyo kiini cha habari yetu.

Mabadiliko yalianza Marekani. Mwezi wa Januari 1975 gazeti moja la wapenda elektroniki lilitangaza mashine iliyoitwa Altair 8800, kazi ya kampuni ndogo ya Albuquerque iliyoongozwa na Ed Roberts. Mnunuzi aliweza kuipata kwa bei isiyofika dola 400, ila ilimjia vipande vipande sandukuni, naye akaketi na chuma cha kulehemu kuviunga mwenyewe. Haikuwa na skrini wala kibodi. Kumbukumbu yake ya kuanzia ilikuwa ya herufi 256 tu, yaani sentensi mbili au tatu za insha hii. Hata hivyo watu waliigombania, kwa sababu ilionyesha jambo jipya: kwamba mtu mmoja, kwa fedha zake na mikono yake, aweza kuwa na kompyuta.

Hatua kubwa zaidi ilifuata tarehe 12 Agosti 1981. Siku hiyo kampuni ya IBM, iliyokuwa mkuu wa biashara ya kompyuta duniani, ilitoa kompyuta ndogo ya mezani kwa bei ya kuanzia dola 1,565. IBM ilikuwa na haraka ya kuingia sokoni. Kwa hiyo wahandisi wake, walioongozwa na Don Estridge, hawakuunda kila kitu wao wenyewe. Walinunua prosesa, yaani chipu ifanyayo hesabu zote, kutoka kampuni ya Intel. Programu ya kuiendesha waliipata kwa kampuni changa ya Microsoft. Tena walichapisha kitabu chenye michoro ya mashine hiyo, ili makampuni mengine yapate kutengeneza vipande vya kuongezwa ndani yake. Kitu kimoja tu kilibaki chini ya ulinzi wa haki ya mwandishi: programu ndogo iliyoandikwa ndani ya chipu ya kuiamsha mashine, iitwayo bayosi.

Mlango huo mmoja haukukaa sana ukiwa umefungwa. Mwaka wa 1982 watu watatu walianzisha kampuni ya Compaq mjini Houston. Wahandisi wao walioisoma programu ya IBM waliandika tu kazi ambazo ilizifanya. Wengine, ambao hawakuwa wameiona kamwe, wakaandika programu yao wenyewe ya kufanya kazi zile zile. Hivyo hawakuiba hata mstari mmoja, na sheria haikuwashika. Mwaka wa 1983 walianza kuuza mashine iliyoendesha programu zote za IBM. Mwaka wa 1984 kampuni ya Phoenix ilifanya vivyo hivyo, kisha ikawauzia bayosi yake wote walioitaka. Tangu hapo viwanda vikubwa na vidogo, hasa vya Taiwan, viliweza kutengeneza vipande vya kompyuta ya namna moja, na bei ikaanza kuteremka.

IBM ilipotambua kwamba mali yake imekuwa mali ya wote, ilijaribu kuirudisha. Mwaka wa 1987 ilitoa mashine mpya zenye matundu ya kipimo kipya, ambacho mtu mwingine hakuweza kukitumia bila kulipa ada. Makampuni tisa yaliyokuwa yakishindana yaliungana mwaka wa 1988, yakatangaza kipimo chao cha kushindana nacho. Kipimo cha IBM hakikuenea. Miaka iliyofuata ilileta vipimo vingine vilivyokubaliwa na wengi: matundu ya PCI mwaka wa 1992, umbo la ATX mwaka wa 1995, plagi ya USB mwaka wa 1996, na waya za SATA za diski mwaka wa 2003. Mwaka wa 2005 IBM yenyewe iliiuza biashara yake ya kompyuta ndogo kwa kampuni ya Lenovo ya China. Aliyelifungua soko alilitoka, na soko likabaki wazi.

Hayo ndiyo yanayomwezesha kijana wa Timau kununua kasha Nanyuki, prosesa Nairobi na kibodi Meru, kisha akaviunga mezani kwao vikafanya kazi pamoja. Hakuna tajiri aliyempa zawadi hiyo. Imetoka katika mapatano ya vipimo. Lakini mapatano hayo humfaa yule tu ayajuaye. Asiyeyajua huweza kununua vipande sita vizuri ambavyo havipatani, akabaki na fedha zilizogeuka chuma.

Tuchukue mfano. Tuseme wanafunzi wa shule ya kutwa karibu na Timau wameunda chama, na wazazi wao wamechanga fedha baada ya kuuza viazi, ili maktaba ipate kompyuta moja. Njia ziko tatu. Waweza kununua mashine mpya iliyokwisha kuundwa. Hiyo ina dhamana, lakini bei yake ni kubwa. Waweza kununua mashine iliyotumiwa ofisini ng'ambo ikaletwa na wafanyabiashara. Hiyo mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Tena waweza kununua vipande wakaunda wenyewe. Mwaka wa 2002 lilianzishwa shirika la Computers for Schools Kenya, lililozikusanya kompyuta zilizotumiwa, likazirekebisha na kuzipeleka mashuleni. Kwa hiyo njia ya pili si ya kudharauliwa hata kidogo. Ila yataka macho. Baadhi ya mashine za ofisi zina pawasaplai na madhabodi za umbo la kampuni moja tu. Zikiharibika, kipuri cha kawaida hakiingii, na mnunuzi hurudi katika utumwa ule wa mwaka wa 1974. Kabla ya kulipa, na aombe kasha lifunguliwe, atazame kama plagi ya umeme ni ile ya kawaida yenye pini 24.

Wakichagua njia ya tatu, swali la kwanza si bei bali kazi. Mashine hii itafanya nini? Kuandika barua, kusoma vitabu, kutazama masomo ya video na kujifunza kuandika programu ni kazi nyepesi. Michezo ya picha za kasi na utengenezaji wa filamu ni kazi nzito. Mtu asiyejua kazi ya mashine yake hununua kwa kuonea haya jirani. Muuzaji naye hulijua hilo, humwonyesha feni zenye taa za rangi na makasha ya vioo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Taa haziongezi kasi ya hesabu hata moja.

Baada ya kazi huja prosesa. Chipu ya kwanza ya namna hii, Intel 4004 ya mwaka wa 1971, ilikuwa na transista 2,300. Za leo zina mabilioni. Bei yake imeshushwa na mashindano ya makampuni mawili. IBM haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja, ndipo mwaka wa 1982 Intel ilipofanya mapatano na AMD, ili AMD nayo itengeneze chipu za aina hiyo. Baadaye Intel ilikataa kuigawia chipu yake ya 386. AMD iliunda yake, na mwaka wa 1991 ikaitoa sokoni. Mwaka wa 2017 AMD ilitoa prosesa za Ryzen zenye viini vingi kwa bei ndogo, na mwaka huo huo Intel ikaongeza viini katika zake. Mnunuzi mwenye busara hafungamani na jina moja. Huacha majina yagombane, yeye akavuna.

Kwa mwenye fedha kidogo, shauri kubwa ni hili: achague prosesa iliyo na sehemu ya kuchora picha ndani yake. Zamani kazi ya kupeleka picha kwenye skrini ilitaka kadi ya peke yake au chipu nyingine juu ya madhabodi. Tangu mwaka wa 2010 Intel ilianza kuunganisha sehemu hiyo na prosesa, na AMD ikafanya vivyo hivyo. Kwa kazi nyepesi sehemu hiyo yatosha kabisa, na gharama ya kadi huokoka. Lakini si kila prosesa inayo. Za Intel zenye herufi F mwisho wa jina, kwa kawaida hazina. Herufi moja isiyosomwa huweza kumwachia mtu mashine nzima isiyoonyesha kitu.

Kipande cha tatu ni madhabodi, ubao mkuu ambao vipande vingine vyote hukaa juu yake. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa tundu la prosesa si moja kwa zote. Tundu la AMD liitwalo AM4, lililotoka mwaka wa 2016, lilipokea vizazi kadhaa vya prosesa. Kwa hiyo aliyenunua ubao huo aliweza baadaye kutoa prosesa ndogo akatia kubwa, ikiwa tu mtengenezaji wa ubao ametoa bayosi ya kuitambua. Upande wa Intel liko tundu liitwalo LGA 1151 lililotumiwa tangu mwaka wa 2015. Mwaka wa 2017 zilitoka prosesa mpya za tundu lenye jina hilo hilo na idadi ile ile ya pini, nazo hazifanyi kazi katika bao za kwanza. Huingia, lakini haziwaki. Kufanana kwa umbo si kupatana. Kila mtengenezaji wa madhabodi huweka katika tovuti yake orodha ya prosesa ambazo ubao wake huzikubali. Na isomwe kabla ya fedha kutoka mkononi.

Kipande cha nne ni ramu, kumbukumbu ya muda ambamo mashine huweka kazi iliyo mbele yake. Kuna shirika, JEDEC, lililoanzishwa mwaka wa 1958, ambalo huweka vipimo vya kumbukumbu. Kila kizazi, DDR3, DDR4 na DDR5, kina pengo dogo ukingoni mahali pake tofauti, ili mtu asiweze kukitia katika tundu la kizazi kingine. Pengo lile ni walimu wa vipimo wakimwonya asiyejua, likikataa, usilazimishe. Gigabaiti 8 hutosha kwa kazi nyepesi, na 16 ni bora. Tena vijiti viwili vya gigabaiti 8 kwa kawaida hufanya kazi upesi kuliko kijiti kimoja cha 16, kwa kuwa prosesa hupata njia mbili za kuvifikia. Faida hiyo huonekana zaidi pale prosesa inapochora picha yenyewe, maana huiazima ramu hiyo hiyo.

Cha tano ni diski ya kuhifadhia. Diski ya kwanza, iliyotolewa na IBM mwaka wa 1956, ilikuwa na sahani 50 za inchi 24 kila moja, nayo ilihifadhi herufi milioni 5, kiasi ambacho leo hujazwa na picha moja au mbili za simu. Diski za kuzunguka ziliendelea kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1980 Mjapani Fujio Masuoka, akiwa kazini katika kampuni ya Toshiba, alibuni kumbukumbu ya flashi, isiyo na kitu kizungukacho. Ndiyo mama wa diski za SSD za leo. Mwenye mashine kuukuu akitia SSD mahali pa diski ya kuzunguka, huiona kama imefufuka. Kwa hiyo mwenye fedha chache na atangulize SSD ndogo, ya gigabaiti 240 au 256, kuliko diski kubwa ya kuzunguka.

Cha sita ni pawasaplai, kipande kinachougeuza umeme wa ukutani uwe umeme mdogo wa ndani ya mashine. Hakionekani wala hakisifiwi, na kwa sababu hiyo ndicho ambacho wengi hukinunua kwa bei ya chini kabisa. Ni kosa kubwa, maana kikifa vibaya huweza kuua na wengine. Mashine ya kazi nyepesi isiyo na kadi ya picha haihitaji wati nyingi. Pawasaplai ya kweli ya wati 300 au 400 yatosha kwa wingi. Neno kubwa hapo ni "ya kweli". Bandiko lisemalo wati 600 juu ya boksi jepesi kama kikopo halina ushahidi. Tangu mwaka wa 2004 kuna alama iitwayo 80 Plus, itolewayo kwa pawasaplai zilizopimwa zikaonekana hazipotezi umeme mwingi. Nayo ni dalili njema. Tena pawasaplai nyingine zina kiswichi kidogo chekundu nyuma chenye namba 115 na 230. Umeme wa Kenya ni volti 240. Kiswichi kikiachwa kwenye 115, mashine itaungua siku ya kwanza. Na mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, kifaa cha kuutuliza ni sehemu ya bei ya kompyuta, si anasa.

Kasha huja mwisho, nalo si kitu cha kuliwazia sana. Liwe la kupitisha hewa na la kufunguka kwa urahisi. Baridi ya Timau huisaidia mashine, lakini vumbi la kiangazi na la mavuno huziba feni; mara moja kila muhula kasha lifunguliwe lipanguswe.

Baada ya vipande hubaki programu, na hapa pia historia ina neno. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka wa 2018 hivi. Muuzaji wa mashine kuukuu huenda asilitaje jambo hilo. Lakini njia nyingine iko. Mwaka wa 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, aliutolea ulimwengu moyo wa mfumo uitwao Linux. Mwaka wa 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, alianzisha mfumo uliojengwa juu yake, akauita Ubuntu, neno ambalo kwa Kiswahili ni ndugu wa neno utu. Mfumo huo hautozwi fedha, nao huendesha vizuri mashine ambazo wengine wamezikataa.

Yapo mambo ambayo hata mnunuzi hodari hayawezi. Mwezi wa Oktoba 2011 mafuriko yalifunika viwanda vya Thailand, na bei ya diski ikapanda ulimwenguni kote, kama vile bei ya mahindi ipandavyo mvua ikikosa. Mwaka wa 2021 chipu zilikuwa adimu baada ya maradhi ya korona kuvuruga viwanda na usafiri. Mwishoni mwa mwaka wa 2025 bei ya ramu ilipanda, kwa kuwa viwanda viligeukia kuvihudumia vituo vikubwa vya akili bandia. Kwa hiyo bei iliyoandikwa kitabuni haifai kuaminiwa. Na iulizwe wiki ile ile ya kununua, kwa wauzaji watatu walau. Ikiwa kipande kimoja kimepanda sana, na kinunuliwe kidogo kwa sasa, tundu la pili libaki tupu likingoja siku njema. Hiyo ndiyo hekima ya chombo cha vipande: chaweza kukua kidogo kidogo pamoja na mfuko wa mwenyewe.

Basi tumeona kwamba urahisi wa bei haukuletwa na uduni wa vitu. Uliletwa na watu waliokubaliana juu ya upana wa tundu na mahali pa pini, na wengine waliokataa kufungiwa mlango. Taifa lililonunua chombo lisichoweza kukifungua liliishia kukipiga marufuku. Chama cha wanafunzi wa Timau, wakinunua chombo wanachoweza kukifungua, wakajua jina na kazi ya kila kipande, hawatamlilia muuzaji siku kitakapozimika. Watachukua bisibisi, watatafuta kipande kilichokufa, watasoma namba yake, nao watajua la kutafuta dukani. Na fedha za viazi zilizochangwa na wazazi wao zitakuwa zimenunua mashine pamoja na elimu ya kuitawala.